Mifupa Mizito, Maji Baridi

Jumapili, 6 Aprili

“Mifupa ya mtu mweusi ni mizito kuliko ya Mzungu, ndiyo maana maji baridi humvuta chini.” Mzee wetu Papa Anselme, leo, ukumbini baada ya misa yetu ya huku ugenini, kikombe cha chai mkononi. Alifundisha biolojia kwetu Bukavu miaka mingi, basi watu wanamwitikia kwa vichwa kama wangali darasani.

Upuuzi. Kama mifupa ndiyo sababu, mbona watoto wa Idjwi wanashinda ndani ya Ziwa Kivu kutwa nzima? Na mimi jana nimeogelea kwenye bwawa la manispaa, kwenda na kurudi, mpaka mlinzi akapiga filimbi ya kufunga. Mifupa yangu haikulalamika. Tena kule kwetu bwawa la wakoloni lilikuwa na ukuta, ukuta una mlango, na mlangoni kasimama mtu wa kuwazuia babu zetu. Leo wajukuu hawajui kuogelea, na mwalimu mzima anatafuta sababu ndani ya mifupa! Sababu iko ukutani.

Nilimwambia yote hayo. Kwa sauti. Kisha nikasema ambalo sikuwa nimepanga kusema: mwezi ujao naogelea kwenye triathloni. Ziwani, si kwenye bwawa lililopashwa moto. Wim wa ofisini kwetu amenibembeleza tangu Januari: mimi maji, yeye baiskeli, mkewe mbio. Nilikuwa sijamjibu. Sasa nimemjibu mbele ya kwaya nzima.

Mdogo wangu Zawadi, ambaye kwake dada mkubwa ni yaya: “Yaya, weye utakufa juu ya kubishana.” Kicheko.

Nikamgeukia yeye. Binti yake Neema ana miaka kumi na mmoja. Shuleni wana somo la kuogelea. Wenzake wako majini, yeye yuko kwenye benchi amekumbatia begi, kwa amri ya mama yake. Tumegombana juu ya hilo mwaka mzima. Leo, mbele ya mashahidi, tumepatana. Nikimaliza kuogelea na kutoka majini kwa miguu yangu mwenyewe, Neema ataingia bwawani. Nikishindwa, sitalitaja tena jambo hili maisha yangu yote.

“Weye kunyamaza?” akasema Zawadi. “Ile siku tutachinja mbuzi.”

Jumanne, 8 Aprili

Mazoezi ya baridi. Nimejaza hodhi la bafuni maji ya bomba la baridi tupu. Nikaingia kwa kishindo, kama ninavyoingia kwenye mjadala.

Pumzi ikaondoka. Haikupungua, iliondoka. Mdomo wazi, kifua kinavuta hewa bila kuniuliza. Nikaruka nje, nikakaa sakafuni na taulo, nimekasirika.

Halafu nikaanza kujiuliza. Nani aliyekuwa anapumua pale, kama si mimi?

Ijumaa, 11 Aprili

Vitabu vitatu vya maktaba juu ya mwili na baridi. Vinapingana karibu kwa kila kitu, na hilo limenifurahisha. Vinakubaliana kwa moja: kule kuhema kunaanzia kwenye ngozi. Kila binadamu anahema hivyo. Kunapita kwenyewe usipopambana nako. Kila binadamu! Nimepigia mstari kwa penseli. Kitabu cha maktaba. Mungu anisamehe.

Lakini nimekuta pia ukurasa unaosema uzito wa mifupa hutofautiana kidogo, na kwamba tofauti kati ya mtu na mtu inapita tofauti kati ya kundi na kundi. Kwa hiyo mzee hakuliokota neno lake barabarani. Ameshika ncha ya ukweli na kuigeuza bakora. Inaniudhi. Ningependa zaidi awe mjinga kabisa.

Jumatano, 16 Aprili

Hodhini tena. Safari hii niliingia taratibu, nikapuliza nje, pole pole, kama mtu anayepoza chai. Kifua kikataka kuniponyoka, nikaendelea kupuliza. Pumzi ikarudi.

Ajabu kubwa. Nilikaa nikaanza kujichunguza. Vidole vya miguu vinauma kwanza, kisha haviumi, kisha ni kama vya mtu mwingine. Magoti hayasemi kitu. Kwapa ndipo pabaya. Kwa nini kwapa? Hakuna kitabu kinachonijibu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Sombe, yale majani ya muhogo, na samaki kwa Zawadi, mtaa wa Schaerbeek. Papa Anselme naye alialikwa. Akaniuliza kama nimeshaandika wosia. Nikamwambia ndiyo, papa, nimekuachia vitabu vyangu, labda sasa utasoma.

Alicheka mpaka akakohoa. Adui mzuri, yule mzee. Sitaki afe.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu. Treni na Wim mpaka nje ya mji. Zamani palikuwa shimo la kuchimbia mchanga, sasa ni ziwa. Maji nyuzi kumi na nne.

Kwanza nguo ya mpira, ya kuzuia baridi majini. Aliyeichora hajawahi kuona nyonga za Bukavu. Niliivuta, nikaruka, nikalala kwenye nyasi nikipiga mateke kama mbuzi. Wim alitazama miti. Mtu mwenye adabu.

Nikaingia. Shingoni nikasimama, nikapuliza. Pumzi ikarudi haraka kuliko nyumbani. Nikaweka uso majini. Paji la uso likauma kama limebanwa mlangoni. Chini, rangi ya kahawa, halafu weusi. Mikono yangu naiona, miguu siioni. Bwawani kuna mstari chini wa kukuongoza. Hapa hakuna kitu. Unaogelea juu ya kitu usichokijua.

Niliogopa. Nilitaka pia kujua kuna nini kule. Hofu na hamu vilikuja pamoja, na sikuweza kuvitenganisha.

Jumamosi, 10 Mei

Vibaya sana.

Upepo. Mawimbi madogo, lakini yanakuja usoni kila unapogeuka kuvuta hewa. Nikameza maji. Nikakohoa, nikameza tena. Nikasahau kupuliza, nikasahau kila nilichosoma. Nikaanza kupanda hewani kama kuna ngazi. Wim akanishika chini ya kwapa, akanigeuza chali, akanivuta mpaka ufukweni.

Tulirudi kwa treni. Karibu na stesheni yetu akanieleza sheria. Siku ile kutakuwa na waokoaji kwenye mitumbwi. Kushika mtumbwi upumzike kunaruhusiwa, mradi usivutwe. Ukipandishwa ndani, umetoka mashindanoni.

Umetoka. Na Neema atakaa kwenye benchi mpaka amalize shule, nami nitakuwa nimenunua ukimya wangu mwenyewe. Aibu. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 13 Mei

Nimeandika makala kali ya safu yangu gazetini, juu ya jambo jingine kabisa. Watu wameipenda. Haijanisaidia.

Jumapili, 18 Mei

Nimerudi ziwani. Hakuna upepo. Nilijifunza kitu kimoja tu: kugeuka chali mwenyewe, kabla hofu haijafika kooni. Chali, puliza, tazama mawingu, geuka, endelea. Si kuogelea kwa sifa. Ni kama kusoma kitabu kigumu, unarudi ukurasa nyuma, unaanza tena.

Wim anasema hivyo itatosha. Wim hajui kusema uongo, ndiyo maana hapandi cheo.

Ijumaa, 23 Mei

Saluni ya Zawadi, mtaa wetu wa Matonge, kwenye vichochoro vya nyuma ya barabara ya Chaussée de Wavre. Siku kubwa mtu haendi na kichwa ovyo. Harusi, ubatizo, kuapishwa, kwanza nywele. Yeye ndiye aliyeniita. Akanisuka misuko minene yenye nywele za kuongeza, mirefu mpaka mgongoni, akaikunja juu kama kilemba. Wanawake wote saluni wakapiga makofi. “Kichwa ya présidente!” Mmoja akasema nikizama angalau maiti itakuwa nzuri.

Vidole vya Zawadi vikiwa bado kichwani, nikamuuliza. Si kwa ubishi, nilitaka kujua. Kwani yeye anaamini mambo ya mifupa?

“Mifupa ni ya Papa Anselme,” akasema. “Miye naogopa téléphone. Saa ya kazi, téléphone inalia, ni shule. Donc, Neema akiwa ku benchi, siogopi.”

Mwaka mzima nimempiga kwa historia ya ukoloni. Hakuwa na ugomvi wowote na historia. Nilikaa kimya mpaka msuko wa mwisho. Akaniuliza kama naumwa.

Jumapili, 25 Mei

Naandika nikiwa kitandani.

Tulifika mapema. Kwaya karibu nusu, na vyakula vyao. Papa Anselme kavaa koti la baridi na kofia, mwezi wa Mei. Nikavaa nguo ya mpira. Nikapewa kofia ya kuogelea ya njano, ya timu zote. Haitoki mtu ufukweni bila hiyo.

Haikuingia.

Niliivuta mbele, ikatoka nyuma. Wim akaivuta nyuma, ikaruka ikaanguka kwa watu. Misuko ya Zawadi ilisimama pale juu imara kama kanisa. Hakuna kati yetu aliyefikiria kofia. Si mimi niliyesoma vitabu, si yeye mwenye vidole. Tulifikiria picha.

Mwamuzi mwanamke akatikisa kichwa. Nikabishana naye kwa Kifaransa, kisha Kiholanzi, kisha Kiingereza kibovu. Kofia hii imekatwa kwa kichwa cha nani? Nani aliamua? Hoja nzuri, nitaiandika. Lakini akanionyesha mitumbwi na kusema: kule wanahesabu vichwa vya njano. Kisichokuwa cha njano hawakioni. Nikaijaribu kofia tena, ikaruka tena.

Papa Anselme, kwa sauti ya darasani: “Alors, Maman Riziki! Kumbe haiko mifupa, ni nywele!”

Walicheka wote, isipokuwa Zawadi. Nikamtazama. Hakuhitaji kufanya lolote. Angesimama tu pale na sahani yake ya sambusa, mbio zingeanza bila mimi, naye angekuwa ameshinda. Neema alikuwa ameshika mkono wake, anatazama maji.

Zawadi akampa Neema sahani. Akaenda kwenye hema la huduma ya kwanza, akarudi na mkasi wa bandeji.

“Ikala.”

“Zawadi, kazi ya siku nzima...”

“Ikala chini, yaya. Miye njo niliisuka, miye njo nitaikata.”

Nikakaa kwenye nyasi. Akapapasa kila msuko mpaka palipoishia nywele zangu, akakata. Akapapasa, akakata. Hakukosea hata mmoja. Hakujua aiweke wapi, akamkabidhi mzee: “Papa, shika.” Na Papa Anselme akasimama pale na koti lake, amebeba kifurushi cha misuko kama kuku wa kununuliwa sokoni. Hakuna aliyemcheka. Mimi tu, kidogo.

Kofia ikaingia.

Maji. Watu wengi, mateke, viwiko. Pumzi ikaondoka papo hapo, kama siku ya kwanza bafuni. Nikageuka chali. Nikapuliza. Mawingu ya kijivu ya nchi hii, sijawahi kuyapenda kama leo. Mtumbwi ukasogea. “Ça va, madame?” Nikamjibu mwokoaji kwa mdomo tu kwamba niko salama, maana kuinua mkono ni kuomba kuokolewa. Baada ya boya la kugeuzia nilishika ule mtumbwi. Ndiyo, niliushika. Nikapumua, nikauachia. Sikuvutwa.

Kurudi ilikuwa kurudi tu. Mkono, mkono, hewa. Sikuwaza mkoloni wala mifupa. Niliwaza makwapa yangu.

Ufukweni miguu haikukubali. Nilikuwa kwa magoti, mikono kwenye tope. Zawadi alikuwa ameingia majini na viatu vyake vya kanisani, ameinama juu yangu, mikono yake miwili ameificha mgongoni ili asinishike kwa bahati mbaya.

“Simama, yaya! Kwa miguu! Tulisema kwa miguu!”

Nikasimama. Wim akafungua mguuni kwangu kifaa cha kupima muda wa timu, akakimbilia baiskeli.

Papa Anselme alikuja baadaye, nimefungwa mablanketi, meno yanagongana. “Bon. Lakini ile nguo ya caoutchouc njo ilikuelesha.” Nilifungua mdomo nimrarue. Lakini ni kweli, mpira unaelea, na mimi ndani yake. Nikamwambia, papa, umesema kweli. Alishtuka kuliko kama ningemtukana. Akanipa misuko yangu.

Jumatano, 28 Mei

Huku Jumatano mchana hakuna shule. Zawadi amefunga saluni mapema, tumempeleka Neema kwenye bwawa la manispaa kabla hajaanza na wenzake.

Nilimwonyesha kupuliza. Akaweka uso majini, akautoa, akauliza kwa nini huko ndani sauti zinakuwa mbali. Sijui, nikamwambia. Tukaweka uso pamoja kusikiliza.

Zawadi alikaa kwenye benchi na mkoba magotini. Simu alikuwa ameishika mkononi, ingawa mtu pekee ambaye angempigia habari mbaya alikuwa mbele ya macho yake. Baadaye kidogo aliiweka mkobani. Akavua kiatu kimoja, akachovya kidole, akakivaa tena.

Safu ya wiki hii nimeianza mara mbili kwa ukuta wa wakoloni, nikafuta. Ukuta ulikuwepo na nitaendelea kuusema. Lakini wiki hii itakuwa fupi, na safari hii sidai kitu kwa serikali wala kwa shule. Nimeandika hivi:

Ninyi akina mama mnaosuka na kusukwa pale Matonge, nasema nanyi. Jumatano mchana wapelekeni watoto majini. Na msiishie kwenye benchi. Vueni viatu vyote viwili, ingieni nao.