Chipu za Saa ya Baba Mkwe

Mpendwa Shangazi Mitsue, niokoe, maana mimi na mume wangu Tadaoki tumenuniana kwa sababu ya chipu, vile vidude vya kielektroniki vya kuendeshea taa. Baba mkwe macho yamefifia, saa ya ukutani haioni tena, ila zile tarakimu za rangi ya chungwa za taa za kioo alizokuwa akizifunga kiwandani kwenye mashine za hesabu bado anazisoma akiwa kitandani, na amebakiwa na taa nne tu, basi tukaamua kumtengenezea saa, mimi nikalehemu, Tadaoki akaleta chipu za bei poa kutoka kibanda kimoja hapo Nipponbashi, mtaa wa vifaa vya umeme, tukawasha, na kila taa ikawaka tarakimu zake zote kumi kwa pamoja, ukungu mtupu. Akasema nimeunga nyaya vibaya. Nikamwambia chipu zake si za umeme mkubwa. Akanijibu, "Mama Chinatsu, chipu ni chipu. Miguu kumi na sita ni miguu kumi na sita." Nikasema, "Hata paka na chui wote wana miguu minne." Tangu hapo anakula takoyaki zake, vile vitumbua vya pweza, nje. Mimi nataka chipu moja ya kisasa iendeshe taa zote, yeye anang'ang'ania za kizamani, kila taa na yake. Nani ana haki?

Fusae Kuramochi, Osaka

Fusae, pole, ila mnagombana juu ya taa zisizotengenezwa tena, zikiungua hampati nyingine, na hilo ni kosa lenu nyote wawili. Taa hizo hula volti mia na sabini. Chipu ya kawaida haiwezi kuuzuia umeme huo kwenye tarakimu zinazotakiwa kuzimwa. Unavuja, zote zinawaka. Hapo umeshinda. Usicheke bado. Chipu yako ya kisasa inamfaa anayetaka kuzimazima taa na kuzipunguza mwanga. Tena ikifa, saa nzima imekufa. Mzee anataka saa inayowaka muda wote, na kwa kazi hiyo zile za kizamani zilizoundwa mahsusi kwa taa hizi zinatosha, ikiharibika moja mnabadilisha moja. Mumeo alichagua njia nzuri akanunua uchafu.

Nawe Tadaoki, najua unasoma: rudi nyumbani ule na mkeo.

Nendeni dukani pamoja, msome namba iliyo mgongoni mwa chipu, mhakikishe ni ya taa hizi, kabla ya kulipa. Jaribuni taa moja kwanza, yenye rezista yake ya kupunguza umeme, na asiguse mtu nyaya umeme ukiwemo. Ikiwaka tarakimu moja safi, fungeni zilizobaki. Kisha mwulizeni baba ni saa ngapi. Akiwajibu, msiseme tena habari ya nani alikuwa na haki.