Aliyeitikia Jina la Wangila

Shirere,
Kakamega.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Mitchel,

Pokea salamu kutoka huku nyumbani, tena salamu zenye baridi, maana mvua imenyesha tangu tutoke kanisani na nguo zote nimeziingiza ndani zikiwa mbichi. U hali gani huko Doha? Lile joto lililokuwa likikutoa damu puani limepungua? Na mgongo je? Mimi ni mzima. Winrose wangu naye ni mzima, amerefuka hata sare niliyomshonea Januari imeshapanda juu ya magoti. Mungu anatutunza.

Barua hii utaipokea mkononi mwa Chepkorir, mwenzako wa kazini, anayemaliza likizo yake wiki hii. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu mimi na wewe huwa tunacheka, halafu mtandao unakatika, kila mtu anaenda zake. Haya ya leo nilijaribu kuyaanza kwenye simu mara nne, na mara zote nne nikaishia kukuuliza umekula nini.

Kazi ya cherehani inaendelea. Wanafunzi wa chuo wananiletea suruali nizibane miguu, wengine wanazirudisha baada ya mwezi nizipanue. Maji yanakuja Jumanne na Ijumaa tu, ila jirani yangu Kemunto hunijazia mitungi nikichelewa. Jioni barabara yote hunukia mahindi ya kuchoma, na mimi na Winrose hununua hindi moja tukaligawana tukitembea. Usifikiri kwamba maisha ya mji ni shida tupu.

Mama nilimleta hapa mwezi wa tatu, kama tulivyokubaliana, awe karibu na kliniki ya magoti. Aliupenda mji kuliko nilivyotarajia. Alikuwa akikaa barazani akichambua mrenda, anawasalimu wanafunzi kwa Kiluhya, na hata wale wasioelewa walimwitikia. Niliona nimefanya jambo jema.

Mwezi wa tano akaanza kusema amemwona Wangila.

Wewe ulikuwa darasa la saba kaka yetu alipoondoka kwenda Narok kuvuna ngano. Labda unayakumbuka mabega yake tu, alivyokubeba kuvuka mto. Ni miaka kumi na tatu sasa, hakuna barua, hakuna mtu aliyemwona. Baba alimtafuta mpaka akaugua, na akafa akiuliza kama lango limefunguliwa.

Mama alilisema jambo hilo kama mtu anayesema maziwa yamefika. "Wangila anajenga hapo ng'ambo." Ng'ambo ya barabara wanajenga hosteli ya wanafunzi. Nikamwambia, "Mama, si yeye." Hakubishana. Aliendelea na mboga zake.

Alhamisi moja stima ilipotea mchana, nikafunga kibanda changu cha kushonea mapema. Nilipoingia ua nilimkuta mwanamume ameketi barazani amenipa mgongo, anakula obusuma, ugali wa Mama, mikono ina vumbi la saruji hadi kwenye viwiko. Shingo yake ililalia upande wa kushoto, vilevile alivyokuwa akikaa Wangila. Mama akamwambia, "Wangila, ongeza mboga." Akaitika, "Asante, Mama."

Nilishika nguzo ya baraza. Mitchel, nikuambie ukweli. Kwa muda wa pumzi moja niliamini ni yeye, na sikufurahi. Niliogopa. Kwa nini niliogopa, utaona huko mbele.

Kisha akageuka. Uso mpana, pengo la meno ya mbele, si wa kwetu hata kidogo. Nikamwita langoni, nikamuuliza yeye ni nani na anataka nini kwa mama yangu.

"Naitwa Kipngetich," akasema. "Kwetu ni Lugari. Mimi ni mwashi hapo. Nilimwambia mara mbili kwamba mimi si huyo mtoto wake. Mara ya tatu nikauona uso wake, nikaitika tu."

"Basi ukaona ule chakula cha mtu mwingine?"

Aliangalia viatu vyake. "Dada, tangu nitoke kwetu hakuna mtu ameniulizanga kama nimekula."

Alikuwa ameondoka nyumbani miaka sita iliyopita, baada ya kukosana na baba yake juu ya shamba, na hakuwahi kurudi wala kupiga simu. Ningemfukuza. Nilikuwa na maneno tayari. Lakini Mama alikuwa ametoka hadi kwenye ngazi, ameshika sahani, anamngojea.

Tangu siku hiyo alikuja kila siku ya kazi saa saba mchana. Nyumba ikabadilika. Nilikuwa nikiona gambuti zake mlangoni na moyo unaruka kabla sijakumbuka ni za nani. Nilijikuta nikisonga ugali wa mtu mmoja zaidi hata siku za Jumapili, ambapo hakuja. Winrose aliniuliza kama huyo ndiye mjomba. Nikamwambia hapana. Akauliza, "Mbona basi unamwogopa?" Nikamtuma mtungi kwa Kemunto.

Siku moja nilikuwa ndani napiga pasi shati la mteja, nikamsikia Mama akimwuliza, bila ukali, "Wangila, kwa nini hukuja kumzika baba yako?" Kisha yule mtu akasema, "Niliogopa, Mama. Nilifikiri hamnitaki." Pasi ikabaki palepale nilipoiacha. Kola yote iliungua.

Mwezi wa saba alipotea siku tisa. Wenzake walisema ameenda Lugari. Aliporudi hakupanda barazani. Alisimama chini ya ngazi, kofia mkononi.

"Mama, nilifika nyumbani vile uliniambia. Mama yangu alikufa mwaka juzi. Walinitafuta wakanikosa. Nyumba yake imefungwa na waya."

Mama alishuka ngazi zile, yeye na magoti yake, bila kushika ukuta. Akamshika mkono. "Keti, Kipngetich," akamwambia. "Keti kwanza."

Kipngetich. Alimwita kwa jina lake.

Jioni nilimuuliza tangu lini alijua. Akanitazama kama mtu anayemhurumia mjinga. "Nekoye, Wangila nilimzaa mimi. Uso nilioununua kwa uchungu nitausahau vipi?"

"Sasa kwa nini ulimwita hivyo?"

"Nilitaka kumsikia akijibu. Hata kwa mdomo wa mtu mwingine."

Asubuhi yake alianza kukunja nguo zake. Akasema anarudi kwenye boma letu la Butali. Nikamkumbusha kliniki, nikamkumbusha kwamba lile boma halina mtu, na kwamba Baba mdogo Wekesa ameshapanga mwezi wa Disemba tumzikie Wangila mgomba, kama inavyofanyiwa mtu asiyeonekana mwili, ili sote tupumzike.

"Mwambie Wekesa mgomba ni wa kupandwa," akasema. "Huyu kijana amerudi kwao akakuta mlango umefungwa na waya. Wangu hatakuta hivyo."

Sasa nafika pale ambapo mkono wangu umekuwa mzito tangu nianze barua hii. Mitchel, unajua Wangila hakuja mazishi ya nyanya yetu Kukhu. Wiki tatu baada ya mazishi alinipigia simu kwa namba nisiyoijua. Nilikuwa nikifua mtoni. Alisema alikuwa mgonjwa, habari zilimfikia zikiwa zimechelewa, na akaniuliza kama Baba bado ana hasira, kama anaweza kuja. Mimi nilikuwa na uchungu. Nilikuwa nimemwuguza Kukhu peke yangu hadi mwisho, nikiwa na mimba ambayo mwenyewe sikumwambia mtu. Nikamjibu, "Baba amesema usikanyage hapa tena."

Baba hakusema hivyo. Hakuwahi kusema hivyo. Baba kila jioni alikuwa akiuliza kama kuna aliyesikia habari ya Wangila.

Akasema, "Sawa, dada." Akakata. Nilipopiga siku iliyofuata, simu ilikuwa imezimwa. Na haikuwaka tena. Mimba ile iliharibika, nikajiambia hiyo ndiyo adhabu na imekwisha. Haikuwa imekwisha. Baba alipokuwa akilala wodini akiuliza habari ya lango, ni mimi niliyekuwa nimeketi pembeni ya kitanda. Hata pale nilinyamaza.

Nilimwambia Mama yote asubuhi ile ya kukunja nguo, yeye akiwa ameshika leso anaikunja. Aliendelea kuikunja hadi ikawa ndogo kama kiganja. Akauliza, "Ulikuwa na miaka mingapi?" Nikasema ishirini na miwili. Hakuuliza kingine. Hakulia, hakunilaani, na hakunigusa. Nilimsindikiza hadi Butali siku iliyofuata na njiani tuliongea habari za mbuzi. Kipngetich ndiye aliyembebea mizigo. Alikaa huko siku nne, akamrekebishia paa la jikoni na kumtengenezea lango jipya, kisha akarudi kazini.

Sasa Mama hunipigia kila siku saa kumi na mbili, jua likizama. Hasalimu. Anasema, "Hajafika," basi, anakata. Tangu Agosti hajaruka hata siku moja. Sijui kama ananiadhibu au kama ameamua kwamba kungoja huku tukubebe sisi wawili. Mimi huacha kushona dakika kumi kabla ya saa hiyo, nikaishika simu mkononi. Kemunto anadhani nina mpenzi.

Nimekuandikia ili uyasikie kutoka kwangu, si kwa Baba mdogo wala kwa mtu mwingine. Ukikasirika, una haki. Wangila alikuwa wako pia. Usinijibu kwa simu, tafadhali. Andika, umpe yeyote anayekuja huku, hata kama ni sentensi moja.

Winrose anakusalimu na anataka kujua kama ngamia anauma. Kemunto anakusalimu. Baba mdogo Wekesa anakusalimu, ila ana hasira na sisi sote juu ya ule mgomba. Nisalimie wenzako unaokaa nao, na mshukuru sana Chepkorir kwa kukubali kubeba karatasi hizi bila kuuliza kuna nini ndani.

Mungu akufunike kwa mkono wake huko ugenini. Na siku ukitaka kurudi, Mitchel, hata kama kuna jambo umelifanya, hata kama umekaa kimya miaka, panda ndege uje. Usipige simu kuuliza kwanza.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata kama hutaniandikia,

Phoebe Nekoye