Muhuri wa Jumatatu

Jumanne. Mawingu tangu asubuhi na mvua hainyeshi.

Wiki iliyopita mtendaji wa kijiji alinipa mimi, karani wake, karatasi ya mahudhurio yenye majina na alama za dole gumba. Akataka niiambatanishe na muhtasari unaosema wanakijiji wamekubali ufukwe apewe mwekezaji wa hoteli. Ufukwe huo ndipo kina mama wanapoanika mwani. Hawana pengine.

Niliuchapa. Naandika hapa nisije nikajidanganya: niliuchapa mimi.

Na ile karatasi naijua. Ni ya siku ya kugawa vyandarua. Kwetu ukiambiwa ofisini weka dole, unaweka. Huulizi.

Jumamosi nilikutana sokoni na Bi Mtumwa, mkulima wa mwani tangu sijazaliwa. Nikamwamkia.

"Marahaba. Hivi mwanangu, kusoma kote kule ni kwa ajili ya kutupigia chapa tu?"

Jana nikafungua jalada. Barua ya mwekezaji ya kuomba ufukwe ina muhuri wa kupokelewa, nimeupiga kwa mkono wangu, Jumatatu ya wiki iliyopita. Vyandarua viligawiwa Ijumaa iliyotangulia, na ndiyo tarehe iliyo kwenye muhtasari.

Leo, kwenye mkutano mkuu wa kijiji, nilitakiwa niusome muhtasari ili uthibitishwe. Nikausoma. Nilipomaliza sikukaa.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kueleweshwa. Barua ya maombi imetufikia Jumatatu ya wiki iliyopita. Tuliikubalije Ijumaa iliyoitangulia?"

Kisha Bi Mtumwa akaangua kicheko. "Kumbe sisi watabiri, jamani! Na vyandarua tumekumbatia!"

Watu wakacheka, halafu hawakucheka tena. Mmoja baada ya mwingine walisimama kutaka barua isomwe mbele yao. Muhtasari haukuthibitishwa. Mwenyekiti akaahirisha mkutano.

Mtendaji alinipita mlangoni bila kunitazama. "Kesho uje na funguo za ofisi."

Ajira yangu ni ya mkataba, na mama ananitegemea. Tangu nifike nyumbani nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Sina ushujaa wowote. Kama angeniuliza pale pale, huenda ningeomba radhi.

Lakini nakala za barua na muhtasari nimempelekea Bi Mtumwa. Hajui kusoma. Amenifanya nimsomee mara tatu, mpaka akazitaja siku zote mbili bila kukosea, kidole chake juu ya muhuri.

Kesho nitazipeleka funguo. Hoja haimo tena ofisini.