Kilimia Kimetangulia

Dada Nafula,

Ejok! Ndivyo tunavyosalimiana huku. Nimetoka Lodwar nikaja Kakuma kusimamia mitihani, na kwa joto hili kitambi unachokicheka kimeanza kuyeyuka. Upara umebaki.

Jana usiku nilikunywa chai kibandani kwa Achol, mkimbizi wa Sudan Kusini. Yeye na mumewe walipoagana mpakani mwezi wa kwanza, waliahidiana kutazama kilimia, kile kishada cha nyota, kila siku saa mbili usiku, kikiwa utosini. Sasa saa hiyo kiko chini magharibi, karibu kuzama.

“Mwalimu, kimekimbia. Bwana yangu amekufa?”

Unajua nikipata mwanafunzi sinyamazi. Nikamweleza kwamba nyota hututangulia dakika nne kila siku, na kwa miezi mitatu hiyo ni robo nzima ya mbingu. Kitapotea kidogo, kisha kitarudi alfajiri.

Akacheka, akaniongezea sukari. Halafu akasema, “Lakini yeye ni dereva wa lori, nyota hajui. Huko aliko, nani atamwambia mimi niko mzima?”

Nilimaliza chai, dada, na leo nakuandikia. Nibusie watoto, na unipigie simu hata kama huna la kusema.

Kaka yako,
Wafula