Kichwa Kipya cha Sindano

Jumatano jioni

Kumbe ni mimi niliyekuwa naiharibu santuri pekee yenye sauti ya marehemu mama akiimba kwaya, kwa ile sarafu niliyobandika juu ya mkono wa gramafoni ili sindano isiruke.

"Mama Neema, kwa uzito huu hapo husikilizi, unalima!" Salumu, fundi wa gramafoni wa mtaa wa Katandala, alicheka mpaka nikacheka na mimi.

Kwa hofu, nilitaka kununua kichwa cha sindano cha bei kubwa kuliko vyote. Akakataa kuniuzia. Akachagua cha bei nafuu kisichokandamiza, akakijaribu kwanza kwenye santuri yake mwenyewe. Mungu ambariki mtu yule.

Nimeipiga santuri ya mama sasa hivi. Kabla ya kuimba, mama anavuta pumzi. Pumzi hiyo sikuwahi kuisikia.