Fyuzi ya Basma

Mpendae, Unguja
Jumatatu, 12 Mei 2025

Mpendwa mwanangu Tamim,

Asalaam aleikum. Shikamoo yako aliyoniletea Bi Amne nimeipokea, marahaba. Wewe hujambo? Mkeo Fatma hajambo? Joto la Maskati limeshaanza kuwachoma? Mimi namshukuru Mungu, magoti tu na macho. Nnaandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa herufi za kisomo cha ngumbaru, usinicheke. Simu sitaki. Kwenye simu utanikata kauli, na simu ya humu ndani anayenibonyezea namba ni Basma, atasikia.

Kwanza mkono wa mwanao Basma. Daktari katoa bendeji Alkhamisi. Ngozi inashika, lakini vidole viwili vya kulia, cha shahada na cha kati, havikunjiki. Kalamu anaishika kwa kushoto. Chai namtilia mimi. Sikufichi, ndivyo ulivyo.

Sasa ile droni yake. Wewe umeambiwa mchezo wa watoto. Si mchezo. Chuoni walimtaka atengeneze kitu chake, akachagua kindege cha mapanga manne, kiruke juu ya mashamba ya mwani ya Kiwengwa, kina mama wajue kamba zipi mwani wake unakufa kabla hawajaingia majini. Saketi za kuendeshea mota kachora yeye, karatasi thelathini na zaidi. Kila mota na kibodi chake, kijibao cha saketi cha kuiendesha, betri katikati inagawa umeme, na pale umeme unapotoka kwenye betri kaweka fyuzi. Mimi nkacheka. Betri ndogo kama kipande cha mkate wa mofa, fyuzi ya nini?

Mota nilimsukia mimi. Alizopata zilikuwa zimeungua, nikazifungua zote nne nikazisuka upya, waya mwembamba kama unywele. Wewe unajua. Pampu za nusu ya mji huu zimepita mikononi mwangu, na mafeni ya misikiti. Miaka arobaini na sita Mkunazini, haijarudi mota hata moja. Waulize.

Tukakifunga juu ya meza chumba cha nyuma, kisiruke. Akawasha, fyuzi ikakata. Akatia nyingine, ikakata. Akasema, "Babu, hii fyuzi inatwambia kitu. Mota moja inakula umeme kupita kiasi. Tuzipime moja moja."

Nkamwambia, "Mota zangu hazipimwi na mtoto wa juzi. Fyuzi zako ndo mbovu."

Akacheka. "Haya, Fundi Mkuu. Nnakwenda kuswali, nikirudi tunazipima hata ukinuna."

Akenda kuswali alasiri. Tamim, nkafanya lile tunalofanya sote hapa fyuzi ikitusumbua. Nkachukua nyuzi tatu za waya wa pampu, nkazisokota, nkazilehemu mahali pa fyuzi, nkarudisha kifuniko. Aliporudi nkamwambia nshatia fyuzi nzima, mota nshazipima, washa.

Akaniamini. Akawasha. Mapanga yakazunguka, mimi nkapiga kelele za furaha kama bwana harusi. Kisha mota ya tatu ikakwama, kibodi chake kikatoa moshi, na hapana cha kuukata umeme. Betri ikavimba, ikapasuka moto. Mimi nlikuwa nimebanwa baina ya meza na ukuta, magoti hayakunisikia. Basma akakibeba kwa mkono mtupu akakitupa uani. Mimi haikunifikia hata cheche.

Ulipompigia alikwambia kakosea hesabu za saketi. Ukamfokea, sauti yako nliisikia hadi jikoni. Umesema hatagusa waya tena, chuo basi, na tiketi umeshamletea aje huko kabla ya Iddi ya Mfunguo Tatu. Karatasi zake kazifunga kamba kazitia chini ya kitanda.

Tamim, hakukosea hesabu. Zile nyuzi aliziona siku ya pili yake, mkono umefungwa. Akanambia, "Babu, mtaa mzima wanakwita Fundi. Wacha mjinga niitwe mimi." Na mimi nkawacha. Wiki tano. Nnakula, nnalala, nnakwenda msikitini, nimewacha.

Jana nkaifungua mota ya tatu. Kusema kweli nlitaka nikuandikie kwamba mota zangu zilikuwa nzima. Nkakuta waya umekwaruzika pale unapoingia kwenye chuma, umepiga shoti. Kazi yangu. Macho haya. Fyuzi ilisema kweli, na Basma alisema kweli, na mimi ndo nliyewaziba mdomo wote wawili.

Nyuzi za pampu zimo ndani ya bahasha hii, nyeusi, zimegandana. Ziweke mbele yako, ndipo umpigie mwanao. Ukitaka kufoka, nifokee mimi. Mimi babako, lakini nifokee. Tiketi irudishe. Vidole vyake siwezi kumrudishia, na wewe usimchukulie kazi yake.

Kanikataza nisikuandikie. Unanijua mimi nikikatazwa.

Nisalimie Fatma, nisalimie na nduguyo Sabri mkionana, na Bi Amne aliyebeba barua hii mkirimu. Mungu akuwekeeni nyumba yenu, na akupe wewe moyo wa kusikia mapema kuliko wangu.

Mimi niliyekuzaa, nikupendaye,
Thuwaini