Mkono Uliowasha Mashine ya Otonglo

Mjukuu wangu Akinyi,

Sote hatujambo. Jambo hili sijamwambia mtu, ila kompyuta yako iliyokataa kuwaka imenikumbusha.

Nilipokuwa msichana, mashine ya kusagia mahindi pale Otonglo iliishiwa dizeli nikiwa kwenye foleni. Ikajazwa, ikakataa kuwaka. Wanaume wakazungusha hendeli kwa zamu.

"Isipowaka leo, urudi kwenu," tajiri mwenye mashine alimwambia mwendeshaji, babu yako, kijana niliyempenda bila kuthubutu kumsalimia.

Walipoenda kunywa maji nililegeza nati ya mrija wa dizeli, kama nilivyowahi kumwona fundi akifanya, hewa iliyoziba njia ikatoka kwa mapovu, nikaikaza. Babu yako akazungusha mara moja. Ikanguruma!

"Mmeona mkono wa mwanaume?" akajigamba.

Nikapiga vigelegele kuliko wote.

Basi usibonyeze kitufe tu. Tafuta umeme unapokwama.

Babu yako huyo anakuja mlangoni. Siufichi tena ukurasa huu. Leo na asome.

Nyanya yako